Pua ya Bi Kheiria

Wanaomjua Bi Kheiria wa Hail, mtaa wa Maskati, wanajua jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba mama huyu ana kinyaa. Kazaliwa nacho, kama mwengine anavyozaliwa na sauti nzito. Mpelekee maji kwenye gilasi, kwanza ataipitisha chini ya pua, pole pole, kisha ataiweka mezani na kukwambia hana kiu. Ukirudi jikoni ukainusa mwenyewe hutasikia kitu. Lakini muulize anayekuoshea vyombo, atakwambia kweli: kitambaa kilichoifuta gilasi ile ndicho kilichofuta sahani za mayai asubuhi.

Shombo ndiyo adui yake mkubwa. Akipita nje ya ukuta wa jirani huweza kusema samaki wanaokaangwa mle ndani ni wa leo au wa jana, na wakiwa wa jana basi kwenye nyumba hiyo hali kitu kwa muda mrefu. Mumewe, Bwana Sleiman, mstaafu wa wizara na mtu wa mzaha, aliwahi kuwaambia wageni kwamba mkewe angeajiriwa uwanja wa ndege, mbwa wote wa forodha wangerudishwa kwao. Bi Kheiria hakumsemeza mpaka Ijumaa.

Pua hiyo hiyo iliyomtesa ndiyo iliyompa jina, kwa sababu ya singo. Singo, kwa asiyeijua, ni unga wa maua na liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa, anaosingwa biharusi siku za mwisho kabla ya harusi. Mawaridi, asmini, mkadi, kilua, langilangi, mrehani. Yote huanikwa kivulini yakakauka, yakatwangwa, yakachekechwa, yakatiwa liwa na karafuu kidogo, kisha yakarowekwa kwa marashi ya waridi yakawa kama uji mzito. Biharusi husuguliwa mwili mzima. Ngozi hutoka laini, na harufu humkaa hata akishaoga. Bi Kheiria kaipokea kwa mama yake, aliyeitoa Unguja, na hakuna binti wa ukoo wao aliyeolewa Maskati bila kupita mikononi mwake. Hapimi kwa kijiko wala kwa mizani. Hutia, akanusa, akatia tena, mpaka pua imwambie basi.

Na ipo sheria ya nyumba yao, wala hakuna anayejua ilianza na nani. Singo ikishaanza kutengenezwa hainuswi na mtu mwengine. Mtengenezaji ananusa, na baada yake biharusi, ikiwa tayari iko kwenye ngozi yake. Pua ya mtu wa pembeni, wanasema, huondoka na harufu. Ndiyo maana bakuli la Bi Kheiria siku zote limefunikwa sinia, na juu ya sinia kuna jiwe.

Alikuwa amebakiwa na binti mmoja hajaolewa, Rawan, kitinda mimba, anayefanya kazi benki. Tangu Rawan mdogo, akikaa chini ya kinu kuokota petali zinazoruka, mama yake alikuwa akimwambia, "Hii ya watu. Yako nitaitwanga mwenyewe, na nitakusinga mwenyewe, mikono ya mtu mwengine haikugusi." Mwaka huu Rawan akapata mchumba, kijana mpole wa Khuwair, na harusi ikawekwa baada ya joto kupungua.

Basi ikaja homa ya mafua, ikapita nyumba nzima baada ya Idi. Sleiman kitandani, Rawan kitandani, na Joweria, msichana wa Kiganda anayewasaidia kazi za nyumba, akikorogea watu uji huku mwenyewe anakohoa. Wote wakapona. Bi Kheiria naye akapona, ila pua ikabaki imekufa. Akala kama anayetafuna karatasi. Akaswali, akaomba, akajifukiza mvuke wa kila jani lililotajwa.

Halafu asubuhi moja ikarudi. Alikuwa ameshika mdila anammiminia mumewe kahawa, mara puani pakafunguka. Akafumbua mdomo aseme alhamdulillahi, na harufu ikamfika sawasawa.

Ilikuwa harufu ya tairi linaloungua juu ya mzoga.

Akauweka mdila chini, akafungua kifuniko, akachungulia ndani kutafuta kilichoanguka.

"Nani katia nini humu?"

"Kahawa," Sleiman akasema. "Na iliki. Kwani kuna nini?"

Bi Kheiria alikuwa keshafika chooni.

Kuanzia siku hiyo dunia yote ikamvundia. Kitunguu kikigusa mafuta ya moto, yeye anasikia kwapa la mtu asiyeoga. Mkate unaookwa ulinuka nywele zilizoungua. Dawa ya meno ilimjaa mdomoni kama maji ya mtaro, ikawa anapiga mswaki kwa chumvi, machozi yakimtoka. Nyama hakuweza hata kuitazama. Akawa anakula wali uliopoa na mtindi, na akiulizwa anasema anapunguza mwili kwa ajili ya harusi, na mashoga zake wanamwambia mashallah, kiuno kimerudi.

Kibaya zaidi ni kwamba vilivyokuwa vizuri sana ndivyo vilivyooza sana. Udi. Asmini ya uani kwake, ambayo jioni ilikuwa inamfanya asimame tu dirishani bila kazi, sasa ilikuwa inapanda ukutani kama choo kilichoziba. Bwana Sleiman kila siku hujitia atari nyuma ya masikio kabla ya kulala, kijana wa zamani yule, na hiyo atari kwa mkewe ikawa maji ya kuoshea utumbo. Bi Kheiria akahamia chumba cha binti aliyekwisha kuolewa.

"Kiyoyozi cha huku kinaniumiza magoti," akamwambia mumewe.

"Miaka yote hii tumelala chini ya kiyoyozi hiki," Sleiman akasema, "leo ndiyo magoti yamepata habari?"

Alikwenda kwa daktari peke yake, kwa teksi, mpaka Khuwair ya Kusini, mbali na macho ya Hail. Daktari, mtu wa umri wa wanawe, akamwambia neva za pua ziliungua kwa homa na sasa zinaota upya, ila zimejiunga kombo, kwa hiyo pua inamdanganya. Huchukua miezi, wengine zaidi. Dawa hakuna, ila subira, na kila siku anuse kidogo vitu anavyovijua. Bi Kheiria alitoka pale uso umemwiva kwa haya, kama mtu aliyeambiwa kaonekana analewa. Hakumwambia yeyote.

Angemwambia nani, na wifi yake yuko pale? Bi Muhsina, dada yake Sleiman, alikuwa na neno lake alilolileta kila akija, pamoja na sahani ya vitumbua.

"Mie nakuonea huruma, wifi," akisema, "umri huu na mchi. Yuko mwanamke Sib anauza singo kwenye mkebe mzuri, kibandiko juu, na mtu anakuletea mlangoni."

"Singo ya mkebe."

"Wenzetu wote wanachukua kwake."

"Wenzetu wanachukua, wewe ulishanusa?"

"Nimenusa. Tamu kabisa."

"Basi huyo hajui kazi," Bi Kheiria akasema, "kama anawanusisha wapita njia." Na huku anaongea anazuia pumzi, kwa kuwa vitumbua vile vilikuwa vinamnukia soksi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akikiri kwamba pua imemharibikia, mkebe wa Sib utaingia nyumbani kwake, na mwanawe wa mwisho atasuguliwa na unga wa mtu asiyemjua. Akinyamaza, itambidi aitengeneze singo kipofu. Akachagua kunyamaza.

Rawan akirudi kutoka kazini humwinamia mama yake kumbusu, kama alivyozoea, amejitia manukato yake ya kazini. Na mama, bila kupenda, anageuza uso. Mara ya kwanza Rawan alicheka. Baadaye akawa anambusu mkono tu, akipita.

Maua yakaja kutoka Unguja ndani ya sanduku la jamaa, yamefungwa kwenye kitambaa cha pamba: mkadi, kilua na langilangi, tayari yamekauka vizuri. Bi Kheiria akayapeleka jiko la nje, akafunga mlango, akakata uzi.

Harufu ilimpiga mpaka akashika ukuta. Ilikuwa kitu laini, kinene, chenye utamu wa uozo, kama panya aliyefia nyuma ya kabati, halafu mtu akaja kumwagia marashi juu yake. Mate yakamjaa mdomoni. Aliona kabisa kwa macho kwamba petali ni nzima, hazina koga, hazina mdudu. Maneno ya daktari aliyakumbuka. Lakini hayo yalikuwa kichwani, na tumbo halikwenda kwa daktari. Akaanza kujiambia pengine yamevunda kweli, sanduku limekaa juani, nani anajua. Na kwa sheria ya nyumba yao hakukuwa na wa kumuuliza.

"Joweria," akaita. "Haya maua uliyaweka wapi yalipofika?"

"Pale kwa kivuli, mama. Ulisema kivuli."

"Yameoza."

Joweria akasogea, akavuta pumzi. "Haijaoza, mama. Iko tu sawa. Iko smeli ya harusi."

"Umenusa?"

"Si umeniuliza?"

"Nani kakwambia unuse? Nnakuuliza ulipoyaweka, wewe unaingiza pua. Ushayaharibu sasa, hata kama yalikuwa mazima. Katupe."

"Nitupe yote?"

"Yote. Na unawe mikono, na huo uso."

Joweria akakusanya kitambaa kwa ncha zake nne, akatoka. Bi Kheiria akasimama kwenye mlango akihema, kinyaa kimemjaa mpaka kwenye vidole, na chini ya kinyaa kile kulikuwa na afueni mbaya, kwamba kitu kile kimeondoka mbele yake na kosa limepata mwenyewe.

Akaanza upya na alivyokuwa navyo. Kulikuwa na liwa. Kulikuwa na waridi kavu kidogo la Jabali Akhdhar, alilolishika kwa koleo. Na kulikuwa na karafuu. Katika harufu zote za duniani karafuu peke yake ndiyo iliyokuja kwake bila kupinda, kali, safi, ileile anayotiwa mtoto anayeumwa jino. Alipoisikia mara ya kwanza alikaa chini akalia. Basi akatia karafuu. Liwa ikivunda, anaongeza karafuu. Waridi likichungulia na uvundo wake, anaongeza karafuu. Akatia na mafuta ya karafuu. Mwisho akanusa, hakusikia kingine chochote, tumbo likatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, naye akaona hiyo ndiyo singo.

Kutwanga alimwachia Joweria, maana mikono ilikuwa imemchoka kwa njaa. Siku ya pili Joweria akasema, "Mama, hii unga inanichoma mikono."

"Mchi huo unakuchoma. Hukuzoea."

"Mchi nimezoea, mama. Kwetu tunatwanga njugu."

"Basi twanga."

Akatwanga.

Chumba cha Joweria kiko nyuma, baina ya jiko la nje na tangi la maji. Bi Kheiria hana kawaida ya kuingia humo. Lakini alasiri moja anapita kwenda kuangalia tangi, akakutana na ule uvundo wa panya na marashi, umesimama mlangoni kama mtu. Akaziba pua kwa mtandio. Moyo ukamwambia, kumbe msichana huyu mchafu, kumbe kaficha kitu kimemfia ndani. Akasukuma mlango kwa kiwiko.

Chumba kilikuwa kimefagiwa. Kitanda kimetandikwa, msala umekunjwa. Joweria alikuwa amekaa sakafuni mbele ya sanduku lake, anapanga nguo. Na baina ya nguo na nguo, baina ya gauni la Idi na shela nyeupe, zilikuwa zile petali za Unguja, zimetandazwa moja moja.

Joweria akaiweka chini nguo aliyoishika.

"Ulisema nitupe, mama," Joweria akasema. "Sikuiba. Nilitoa kwa pipa. Nikasema niweke kwa nguo, nikienda likizo nyumbani nishuke kwa ndege nikinukia."

Bi Kheiria akamtazama, mtandio puani. Alitaka kusema neno kali, macho yakashuka kwenye sanduku. Alikuwa anatazama gauni la Idi. Anakijua kinyaa, ameishi nacho maisha yake yote, na anajua mtu hawezi kuweka uozo baina ya nguo zake za Idi, hata awe nani. Anaweza kukosea vyombo, anaweza kukosea kufagia. Kwenye nguo hizo hakosei.

Kisha akaiona mikono. Kuanzia viganja mpaka karibu na viwiko ilikuwa imevimba vipele vyekundu, vingine vimekwaruzwa vikatoa maji.

"Hiyo mikono ina nini?"

"Ile unga, mama. Nilikwambia."

Alimwambia. Bi Kheiria akakumbuka vizuri alivyomjibu. Na hapo hapo, kabla hajataka, akauona mgongo wa Rawan, weupe, umelala kifudifudi juu ya mkeka, umevimba vile vile chini ya mikono yake. Kinyaa kikampanda tena, ila safari hii hakikutoka puani. Alijionea kinyaa mwenyewe. Akajiona kama kile kitambaa cha mayai, anapita anafuta na anachafua.

Akakaa chini kwenye kizingiti, mtandio ukamtoka.

"Nimekutukana bure," akasema.

"Mafi mushkila, mama. Hakuna neno."

"Mushkila upo. Nenda kanawe kwa maji mengi, halafu upake mafuta ya nazi, yale ya chupa yangu. Na hicho kinu usikiguse tena."

Rawan aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake jiko la nje, bakuli la singo mbele yake, jiwe liko chini na sinia liko pembeni. Hajawahi kuona bakuli lile wazi. Akasimama mbali, kwa adabu.

"Njoo unuse," mama akasema.

"Mama, si haramu?"

"Haramu ni nyama ya nguruwe. Njoo."

Rawan akainama. Akarudi nyuma ghafla, macho yamemjaa maji. "Hii singo au dawa ya jino?"

"Ndiyo nnakuuliza wewe."

"Kwani wewe husikii?"

Bi Kheiria akamwambia. Alimwambia yote, akiwa anatazama sakafu: tairi na mzoga, soksi za vitumbua, daktari wa Khuwair, baba yake na utumbo, maua yaliyotupwa, mikono ya Joweria. Alipomaliza, binti aliuliza swali moja tu.

"Na mimi unanisikiaje?"

Mama akavuta sinia, kama anayetaka kulifunika bakuli.

"Mama. Nikija kukubusu unageuza uso. Nilidhani humtaki mchumba. Nilidhani unaona kinyaa kwa kuwa nimejichagulia mwenyewe. Nimekaa na baba tukajadili kama niivunje."

"Uvunje nini?"

"Harusi."

Bi Kheiria akainua uso. Huyu ndiye aliyekuwa akiokota petali chini ya kinu, na kumbe miezi yote hii yeye mama amekuwa akila wali baridi peke yake mezani kuokoa singo ya binti huyu, na binti anaoza moyoni kwa sababu hiyo hiyo. "Kijana nnampenda," akasema. "Nywele zake tu zile mafuta anayotia, nikimsogelea nnaomba Mungu. Lakini hilo si kosa lake. Na wewe... hayo manukato yako ya benki, mwanangu. Wallahi nnasikia samaki. Samaki wa jana."

Rawan akamtazama. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kilipomshika kilikuwa karibu na kilio, mpaka Joweria akachungulia mlangoni na mikono yake inang'ara mafuta.

"Joweria," Bi Kheiria akasema, "yale maua. Nnakuomba."

"Yote, mama?"

"Yote."

Joweria akafikiri. "Lakini utanirudishia kidogo? Za sanduku."

"Nitakurudishia, na marashi juu."

Wakaanza upya, bila Joweria kugusa unga. Mama mikono, binti pua. Bi Kheiria alijua kwa vidole petali gani imekauka ya kutosha na unga gani bado una chenga. Akasaga, akachekecha, akatia, huku amejifunga mtandio usoni kama mchimba makaburi. Rawan anainama, ananusa, anasema, "Mkadi umezidi," au, "Hapa bado pako tupu, mama, kama chumba hakina zulia." Bi Kheiria aliijua hiyo harufu ya chumba kisicho na zulia. Ilikuwa imekosekana langilangi. Akatia. Kila alichokitia kilimpanda puani kama kidole kinachotaka kumtapisha, na kila Rawan aliposema "tamu", alijua kwamba kwake ndipo palipooza zaidi. Mwisho akawa anaisoma kazi kwa uso wa mwanawe.

Ndipo Bi Muhsina akaingia na sahani yake, akasimama akashangaa.

"Astaghfirullah. Biharusi ananusa singo yake?"

"Ananusa," Bi Kheiria akasema nyuma ya mtandio. "Pua yangu imeharibika, wifi, tangu homa. Kila kitu kinaninukia mzoga. Vitumbua vyako pia, usiniwekee kinyongo. Sasa weka sahani chini, na wewe uinuse, tuone kama imeufikia mkebe wa Sib."

Bi Muhsina alikuwa na mengi ya kusema, ilionekana. Lakini kuambiwa anuse singo ya Kheiria, jambo alilolitamani tangu kaka yake alipomleta wifi huyo nyumbani, lilimzidi nguvu. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Ongeza mrehani," akasema, sauti imepungua.

"Rawan?"

"Kweli, mama. Mrehani."

Siku ya kusinga ikafika. Chumba cha nyuma kilitandikwa mkeka, Rawan amelala na kanga kuukuu, nywele zimefungwa. Bi Muhsina alitaka kuingia na chetezo cha udi, akazuiwa mlangoni. "Udi peleka kwa wanaume," Bi Kheiria akamwambia. "Humu nnao uvundo wa kutosha."

Akaufunga mlango. Akavua pete. Akauvua na mtandio, kwa sababu hakutaka mwanawe asingwe na mtu aliyeziba pua kama anayeosha choo. Akachota singo kwa mikono miwili.

Harufu ikapanda. Haikuwa imepoa hata kidogo. Joto la mikono liliiamsha. Ilikuwa pweza aliyesahauliwa ndani ya gari lililofungwa vioo, mwezi wa saba, na mkadi ulikuwa umeketi juu yake kama nzi wa kijani. Akaanza na mguu, unyayo kwanza, vidole kimoja kimoja, kifundo, akipanda. Unga ulikuwa laini, una chembechembe kiasi chake, ngozi iliufuata mkono. Vidole vyake vilikuwa vinafurahi. Vingine vyote vilikuwa vinataka kukimbia.

"Mama," Rawan akasema, uso kwenye mto. "Inakunukiaje?"

"Vizuri."

"Mama."

"Haya. Pweza."

"Wa leo au wa jana?"

"Wa wiki iliyopita. Usicheke, unatikisa mguu."

"Kwangu mimi inanukia wewe," Rawan akasema. "Ulivyokuwa ukirudi kutoka harusi za watu."

Bi Kheiria alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu zake zote. Alifika gotini. Akapitisha mkono nyuma ya goti, pale ngozi ilipo nyembamba, polepole, bila kuruka pahala. Halafu akainuka, akafungua mlango kwa kiwiko, akapita mbele ya Bi Muhsina na chetezo chake, akafika sinki la jiko la nje, akatapika mtindi wote wa asubuhi.

Joweria alikuwa hapo, akamshikia mtandio.

"Wacha nimalizie, mama. Nitavaa glavu."

"Nimeahidi," Bi Kheiria akasema. Akasukutua. Akanawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni, maana sabuni nayo ilikuwa na mambo yake, akajifuta uso, akasimama kidogo akivuta hewa ya bahari ya Hail, ambayo siku hizo nayo ilikuwa inamnukia kutu.

Alirudi. Rawan alikuwa hajajigeuza. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kukauka, rangi ya udongo, unga unapasuka taratibu kwenye kifundo. Bi Kheiria akakaa palepale alipokuwa, akachota tena kwa mikono miwili.

"Lete mguu wa pili," akasema.